Kamba Mguuni mwa Mwalimu Loth

Same, karibu na stendi
Jumatatu, 4 Septemba 2023

Baba, shikamoo.

Natumaini Tumainieli, kondakta wa gari la Myamba, atakukabidhi barua hii mwenyewe, asimwachie mtu njiani. Mimi sijambo, na kwa mara ya kwanza tangu unifundishe kuandika barua, sina hofu yoyote ya kukutumia.

Naandika kwa sababu simu na wewe ni kazi bure. Jumapili nilipiga kelele mpaka wateja wa dukani wakatoka nje kutazama kuna nini, na wewe ukanijibu kwamba mbuzi bado hajazaa.

Habari yenyewe ni hii. Ile akiba yangu ya miaka sita, iliyokuwa imelala benki, nimeiwekeza. Kuna kampuni inakusanya fedha za watu na kuzifanyia biashara nje ya nchi, mambo yote yanakwenda kwa simu. Kila wiki faida inaingia. Mwezi wa nane nilitoa faida ya kwanza nikaishika mkononi, noti kabisa. Msimamizi wa hapa Same anaitwa Clemence, kijana mstaarabu, mwimba kwaya. Alitufanyia semina ukumbini akatueleza kitu kinaitwa uhuru wa kifedha, yaani ufike mahali fedha ndiyo inayokutumikia wewe. Baba, nina miaka thelathini na nne. Tisa nimeimaliza nimesimama mbele ya mashine ya kutolea nakala ya mtu mwingine. Naogopa kuzeekea hapo.

Nimeweka na picha. Hiyo hundi kubwa niliyoshika ni ya kadibodi, usinicheke, niliichapa mwenyewe dukani. Krismasi nakuletea vile vifaa vya masikio tulivyotajiwa bei kule Moshi, ukasema bora ubaki kiziwi.

Binti yako,
Doreen

*

Myamba
Jumatano, 13 Septemba 2023

Mwanangu Doreen,

Marahaba. Barua imefika ikinuka dagaa, lakini mwandiko ni safi. Mkia wa herufi "g" bado unauvuta mno. Nilikwambia hivyo ukiwa darasa la pili.

Picha nimeitundika ukutani, kando ya ile ya marehemu mama yako. Shangazi yako Dorkas alipoiona alisema umenenepa. Nadhani ilikuwa sifa.

Sasa kuna jambo. Huyo Clemence wako alipanda huku Ijumaa. Ni mtu wa kwanza kwa miaka mingi kuingia humu ndani bila kunipigia kelele sikioni. Alitoa kalamu, akaandika anachotaka kusema, akasubiri nisome, nami nikajibu. Tulizungumza hivyo saa nzima, akamaliza na makande. Nilimpenda, sifichi. Alikuwa na karatasi nyingi za rangi zenye picha yako, na kila aliyepewa aliuliza, huyu si Doreen wa Mwalimu?

Unajua bei ya tangawizi mwaka huu ni ya kuchekesha. Tumeiacha ardhini isubiri bei, kama kawaida yetu. Ardhi ndiyo benki ya Myamba, na haina foleni. Clemence anasema mali iliyolala ardhini ni mali iliyokufa. Basi watu wananijia. Nusu yao niliwafundisha kusoma, kwa hiyo wanadhani najua kila kilichoandikwa duniani. Mimi sitawaambia neno mpaka uniambie wewe. Niandikie kama mtihani, ndiyo au hapana: jambo hili ni la kweli? Usinijazie ukurasa.

Baba yako,
Mwl. Loth

*

Same
Jumatatu, 18 Septemba 2023

Baba, shikamoo.

Ndiyo.

Umenikataza kujaza ukurasa, lakini niongeze mawili. Karatasi zile nilizichapa mimi, nakala mia mbili, hata bosi alifurahi. Na jana faida nyingine imeingia, nimeiona kwenye simu, nimeirudisha ndani izidi kukua. Waambie tu wasikawie, maana Clemence anasema nafasi za kiwango hiki zinafungwa mwisho wa mwezi.

Ndiyo, Baba. Ni la kweli.

Doreen

*

Myamba
Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Mwanangu,

Sikukuandikia mapema kwa sababu huku hapakuwa na mtu wa kukaa chini, hata mimi.

Ndiyo yako niliisoma nje ya kanisa baada ya ibada, kwa sauti, jinsi ilivyoandikwa. Basi. Jumatatu yake baragumu la msaragambo likapigwa, kijiji kizima kikaitwa kwenye kazi ya pamoja. Mimi silisikii, naona tu watu wanapita na majembe. Tangu enzi za babu yangu baragumu lile halipigwi ila kwa ajili ya mfereji, ndiva ya kukusanyia maji au barabara. Safari hii lilipigwa kwa ajili ya tangawizi. Leo kwa huyu, kesho kwa yule, siku kumi na mbili. Unajua desturi yetu kwenye miteremko: unang'oa tuta moja unaacha mawili, yashike udongo na yangoje bei. Waliyang'oa yote. Kilima chote nyuma ya nyumba yetu kimebaki chekundu kuanzia juu mpaka kwenye choo chetu. Wenye malori walilipa bei ya kutupa na wakatushukuru sana.

Fedha zote alipokea Clemence, ila aliniomba niandike majina mimi, kwa kuwa wananiamini. Ni familia arobaini na moja. Yako kwenye daftari gumu, na barua yako nimeibandika ukurasa wa kwanza. Mali bila daftari huisha bila habari. Shangazi yako ni namba saba. Ameng'oa hata mbegu, ile ya kupanda msimu ujao, na hilo sikulipenda.

Mvua imewahi. Wenye redio wanasema ni El Nino. Nyuma ya jiko pametokea ufa ardhini, kidole kinaingia. Nimeuziba kwa udongo.

Watu wanaulizia ile faida ya wiki ya kwanza. Nimewaambia uko pale pale mjini, utajua. Ni siku gani?

Baba yako,
Mwl. Loth

*

Same
Jumamosi, 14 Oktoba 2023

Baba, shikamoo.

Kuhusu faida wasiwe na wasiwasi. Mitambo iko kwenye matengenezo, tumetangaziwa hivyo. Clemence amesafiri kwenda Dodoma kufuatilia. Mambo ya fedha ni subira.

Ninachotaka kujua ni huo ufa. Uko umbali gani na chumba chako? Unaanzia wapi, unaishia wapi? Usiuzibe kwa udongo, Baba, chomeka kijiti kila upande upime kama unapanuka. Na nakuomba uhamie kwa Shangazi mpaka mvua zipite. Nyumba yake iko kwenye mwamba. Nimekutumia mabuti ya mpira kwa Tumainieli na mkate mmoja.

Simu yangu imeharibika, kwa hiyo Shangazi asihangaike kupiga. Ningekuja mwenyewe lakini bosi hatoi ruhusa mwezi huu.

Hamia leo, Baba, usingoje barua nyingine.

Doreen

*

Myamba
Jumatatu, 23 Oktoba 2023

Doreen,

Mabuti yamenitosha. Mkate alikula Tumainieli, amekiri.

Vijiti nimechomeka. Jumatano palikuwa na nafasi ya kidole, Ijumaa ngumi yangu ilipita, leo nimeingiza bakora yangu yote mpaka kwenye mpini na haikugusa chini. Ufa umezunguka kilima kutoka kwa Sifael mwenyekiti mpaka kwenye migomba yetu, umekaa kama mdomo unaocheka. Shangazi yako anasema kilima kinanguruma. Anasema mawe yanagongana ndani yake. Majirani wawili wa juu wameshahama. Mimi sisikii kitu, kwa hiyo nalala vizuri kuliko wote.

Umesema nihamie kwa Dorkas. Sikiliza sasa, maana hili sikukuambia. Tangu wiki iliyopita watu wanakuja kukaa mbele ya nyumba. Hawafanyi fujo. Wananisalimu, wanakaa kwenye gogo, wanautazama mlango. Asubuhi wanakuja hawa, jioni wale. Siku moja nilichukua godoro nilianike juani, wakasimama wote. Kijana wa Sifael akaniandikia kwenye mchanga kwa kidole: MWALIMU UNAKWENDA WAPI? Niliwafundisha watoto hawa alama ya kuuliza.

Nikivuka njia na godoro langu kwenda kwa Dorkas, itasemwa Mwalimu amekimbia na daftari. Nimekaa kijiji hiki miaka sabini na moja, sijawahi kukimbia hata nyoka. Kwa hiyo nakaa. Fedha ikirudi nitahama siku hiyo hiyo.

Tumainieli ameniandikia kwamba ofisi ya Clemence hapo Same sasa ni saluni. Anasema amepita mara mbili kuhakikisha, na mara ya pili akanyolewa. Mimi sitaki kusikia kwa kondakta. Uliniandikia ndiyo. Bado ni ndiyo?

Baba yako,
Mwl. Loth

*

Same
Ijumaa, 27 Oktoba 2023

Shangazi Dorkas, shikamoo.

Nakuandikia wewe, na nakuomba Baba asijue. Nimesoma habari za ufa na silali. Tafadhali mtoe. Waite vijana wambebe akiwa kwenye kiti chake, hata akipiga kelele, hata akitukana kwa Chasu, lugha yetu. Mkishamweka kwako mfungie. Mimi nitaubeba ukali wake wote nikija.

Usiniulize zaidi, Shangazi. Mtoe tu.

Doreen

*

Myamba
tarehe 1 Novemba

Doreen

marahaba. Mimi si mwandishi kama nyinyi utanisamehe.

Kumbeba nilijaribu. Nilipata vijana wanne, wote watoto wa watu walio kwenye daftari. Walifika mlangoni wakasema Mama Dorkas tukimtoa yeye fedha tutamdai nani, wakaondoka zao. Kaka alicheka. Alisema Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, wewe unataka wamwachie mtu mwenye kesi ya tangawizi.

Basi nimefanya hivi. Nimechukua kamba ya katani, ile ndefu ya kufungia mizigo. Akilala namfunga mguuni, kamba inapita dirishani, inavuka njia, inaingia kwangu. Nikisikia kilima kinakuja nitavuta. Yeye hasikii ngurumo hasikii baragumu, lakini kamba ataisikia. Jana nilivuta kujaribu akatoka nje na suruali mkononi. Tulicheka, halafu mimi nikaingia jikoni nikalia.

Sasa nikuulize. Kama unaogopa hivyo mbona huji. Gari linapanda kila siku. Na kama fedha ipo kwenye matengenezo mbona unaniambia nimtoe kwa siri. Mimi ni namba saba. Nimeng'oa mpaka mbegu. Sijakuuliza kitu mpaka leo kwa sababu wewe nilikubeba mgongoni.

Kaka anasema hatoki mpaka uandike. Kila gari likifika anasimama. Anasimama kwa ajili ya barua yako, mama, sio faida.

Mvua hapa haijakata siku nne. Andika.

Dorkas

*

Same
Jumamosi, 4 Novemba 2023

Baba,

Barua hii usiisome peke yako. Mwambie Sifael apige baragumu, uwape waisome mbele ya watu wote walio kwenye daftari. Ndiyo maana habari yenyewe naianza kwa herufi kubwa.

KWENU NYOTE MLIOANDIKWA KWENYE DAFTARI LA MWALIMU LOTH. MIMI NI DOREEN. FEDHA YENU HAIPO. Clemence hayupo Dodoma, hayupo popote ninapopajua. Hakuna mitambo na hakuna matengenezo. Tangu mwisho wa Septemba hakuna mtu hapa Same aliyeweza kutoa hata shilingi. Akiba yangu ya miaka sita imekwenda na yenu. Nilijua tarehe kumi na mbili Oktoba, nilipokuta ofisi inapakwa rangi. Siku mbili baadaye nikamwandikia Baba uongo, na leo ni wiki ya tatu nauishi. Simu yangu haijaharibika. Niliizima kwa sababu watu wa hapa mjini wananipigia, wengine wanapataja mahali ninapolala.

Sasa sikilizeni lililo baya zaidi. Baba aliponiuliza kama jambo hili ni la kweli, mimi sikuwa najua. Nilikuwa nimeishika faida mkononi mara moja tu, na sikuwa nimemuuliza Clemence hata swali moja, kwa kuwa niliogopa jibu. Nilikuwa nimeahidiwa nyongeza kwa kila jina litakaloingia kupitia kwangu. Kila mlipong'oa shamba, namba zangu kwenye simu zilipanda, nami nilizitazama chini ya meza dukani nikawa nafurahi. Hata hizo sikuzipata. Lakini nilifurahi, na hilo siwezi kulifuta. Ndiyo niliyoiandika ilikuwa ya kujinunulia duka langu mwenyewe.

Karatasi zenye picha yangu nilizichapa kwa mkono wangu. Kilima kimekuwa chekundu kwa sababu yangu. Baba hakujua lolote. Hakupata senti. Yeye aliandika majina yenu kwa sababu mwandiko wake ni mzuri na kwa sababu alimwamini mtoto wake.

Mnayemdai ni mimi. Naombeni jambo moja tu kwenu, na sistahili kulipata. Mwacheni Baba avuke njia na godoro lake. Akivuka hajakimbia. Aliyekimbia ni mimi.

Baba, hukunilea hivi. Nisamehe au usinisamehe, lakini toka humo ndani.

Doreen Loth

*

Myamba, nyumbani kwa Dorkas
Jumatano, 15 Novemba 2023

Doreen,

Sijui nianze na lipi, nami nimefundisha watu kuanza barua kwa miaka thelathini na nane. Nianze na afya. Mimi ni mzima.

Barua yako ilikuja kwa miguu. Barabara ilikuwa imekatika chini huko, gari likageuza, Tumainieli akapanda mlima saa nne kwa mguu, barua ameifunga kwenye mfuko wa chumvi ndani ya kofia. Alifika Jumanne saa tisa. Hakutaka hata chai. Nadhani alikuwa ameisoma, uso wake ulisema hivyo, nami sikumlaumu.

Niliisoma nimesimama mlangoni, watu wa gogo wananitazama. Nikafika kwenye neno lile, haipo. Nikawa na njia mbili, Doreen, nakwambia ukweli. Moto wa jikoni ulikuwa unawaka. Ningeweza kuingia ndani nikaitia motoni na kutoka nikasema bado ni matengenezo. Nilikuwa naogopa kuliko siku mama yako alipokuwa anakata roho. Sikuogopa kilima. Niliogopa nyuso za wale watu, wanafunzi wangu.

Halafu nikampa Dorkas asome. Sifael akapiga baragumu, niliona mashavu yake yanajaa. Wakaja wote, na mvua ile. Mimi sikusikia neno hata moja la barua yako. Nilisoma nyuso tu. Mwanzoni walikuwa wanamtazama Dorkas. Baadaye wakawa wanatazama chini. Kijana wa Sifael alianza kulia, yule wa mchanga. Mama mmoja alitema mate mbele ya mlango wangu, na haki anayo. Dorkas alipomaliza alikunja karatasi, akanirudishia, akaingia ndani ya nyumba yangu. Akatoka na godoro langu kichwani. Namba saba, aliyeng'oa mpaka mbegu. Akavuka nalo njia, na hakuna aliyesimama kumzuia. Mimi nikafuata nyuma yake na daftari na picha ya mama yako.

Picha yako na ile hundi niliiacha ukutani. Sikuisahau.

Ijumaa saa nane mchana nilikuwa nakula makande kwenye kibaraza cha Dorkas. Nikahisi kitu miguuni, kama lori kubwa linapita, na hapa hapapiti malori. Nikainua macho nikamwona Dorkas mdomo wazi na mikono kichwani. Migomba yetu ilikuwa inatembea. Ilitembea imesimama wima, Doreen, yote pamoja, ikapita mahali pa jiko, ikaingia chumbani kwangu. Kwangu mimi yote hayo yalikuwa kimya. Vumbi hakuna, ni tope tu. Nilipomaliza kufumba na kufumbua, nyumba haikuwepo. Hapakuwa na hata bati. Kamba ile ya katani tuliiacha imefungwa kwenye kitanda, na upande wa pili bado ulikuwa kwa Dorkas kwenye nguzo. Ilivutwa mpaka nguzo ikang'oka.

Hakuna aliyekufa. Tumepoteza mbuzi wawili wa Sifael na nyumba tatu, yetu ikiwa mojawapo. Watu wengine walishahama, mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho chini ya kilima kile.

Nina hasira na wewe. Nataka uijue, sitaki uisome katikati ya mistari. Usiku sifungwi kamba tena lakini naamka pale pale, nashika mguu. Nakukasirikia, halafu nakuogopea kwa hao wanaopajua unapolala, na yote mawili yanakaa tumbo moja.

Ila kuna jambo limeanza, ndiyo sababu ya barua hii. Watu wametulia siku chache, sasa wanasema. Wanasema barua ile ya herufi kubwa haikuandikwa na Doreen. Wanasema Mwalimu aliiandika mwenyewe apate kutoka, na kwamba fedha iko mahali, na binti yuko mahali pamoja nayo. Walichukua karatasi yako na daftari langu wakaziweka pamoja, wakalinganisha. Mwandiko ni mmoja. Niliwaambia nilikufundisha mimi kuandika. Wakajibu kwamba niliwafundisha na wao, nusu ya Myamba inaandika mwandiko wangu, kwa hiyo barua ile ingeweza kuandikwa na mtu yeyote aliyepita mikononi mwangu. Niliwaonyesha ule mkia mrefu wa "g" wakasema hakuna anayeujua mkia huo kuliko mimi, nimeuiga.

Wamenipa mpaka Jumapili ya tarehe ishirini na sita. Baada ya hapo wanakwenda polisi na jina langu.

Karatasi haitoshi tena. Wanataka kinywa. Njoo.

Siwezi kukuahidi kitu. Sijui watakufanyia nini. Dorkas anasema hawatakugusa wakiwa mbele yake, lakini Dorkas ni mmoja. Sifael anasema utaanza na msaragambo wa kuondoa tope kwenye mfereji, halafu ndipo waseme mengine. Hayo mengine sijayajua, na usiku nayawaza.

Vifaa vya masikio usiniletee. Siku hiyo nitataka nikuone tu unavyosema.

Baba yako,
Loth

*

Same
Jumatatu, 20 Novemba 2023

Baba, shikamoo.

Mimi si mzima, na hofu yote iko kwangu, sikutumii hata kidogo.

Nilifika stendi Jumamosi, nikakata tiketi, nikashuka kabla gari halijaondoka. Jana vivyo hivyo. Tumainieli alinirudishia nauli mara zote mbili. Leo nimempa barua hii ili nisiwe na njia ya kurudi. Nakuja Jumatano, mwambie Sifael siku hiyo apige baragumu.

Nimewasha simu. Nimemwambia bosi. Nimechukua jembe na zile karatasi zenye picha yangu zilizobaki, ishirini na tatu, waone kwamba ni mimi ninayeshuka. Kama barabara bado mbovu, nitatembea kutoka inapoishia.

Tumainieli amenipangia kiti cha nyuma, anasema nitakuwa salama zaidi huko. Nimekataa. Nitakaa mbele kabisa, dirishani, ili wanaonisubiri wanione kabla gari halijasimama. Nisiposhuka, Baba, mwambie Shangazi anivute.

Doreen